Nilivyokimbilia Jina la Mama Kwenye Baridi ya Ufipa

Nyie wenzangu wa jogging ya Ilembo, tangu nirudi sijanunua hata nyanya kwa amani. Kila kona mtu ananidaka: "Mama Sabina, ilikuwaje?" Nikianza kueleza anafika mwingine, naanza upya. Mwenyekiti wetu wa kikundi naye ana simulizi yake, ameshaifikisha mpaka kwa wauza mkaa, na humo eti nilifukuzwa na fisi. Hakukuwa na fisi. Nimeamua kuandika mara moja, kila mtu asome kwa nafasi yake, mimi mniache ninunue mboga.

Kwa kuwa najua mtawatumia na wasiotujua, ngoja kwanza nitutambulishe. Sisi ni kikundi cha mbio hapa Ilembo, Mpanda mjini. Tunakimbia alfajiri kwa mistari miwili, na tunakimbia kwa kuimba. Mimi ndiye mwimbishaji. Nauliza, wenzangu wanajibu: "Ilembo mmeamka?" "Tumeamka!" "Miguu iko wapi?" "Iko chini!" "Na moyo uko wapi?" "Uko mbele!" Wimbo ukiwa wa haraka tunakwenda haraka, wimbo ukilegea nasi tunalegea. Saa hatuitazami. Sheria yetu ni moja tu. Mtu akichoka akabaki nyuma, mwimbishaji anainua mkono, mstari mzima unageuka, unarudi mpaka alipo, unamzunguka na kumweka katikati, ndipo tunaendelea. Tulitoka wote, tunarudi wote. Ishikeni hiyo sheria vizuri, maana ndiyo iliyonitenda.

Kabla ya kuondoka

Binti yangu Sabina ameolewa Sumbawanga, juu kwenye nyanda za Ufipa, na siku hizo alikuwa na ujauzito wa kwanza, mkubwa. Baba mkwe wake anaitwa Mzee Kasiano, Mfipa mrefu, mtu wa kanisani, mwenye maneno machache. Siku moja alinipigia simu kunijulia hali, na katika mazungumzo akanieleza kwamba kwao kuna mbio za kuchangia zahanati, nusu marathoni, kilomita ishirini na moja. Zingekuwa mwezi wa saba, baridi yao ikiwa imekolea.

"Nasikia mkwe unakimbia," akasema. "Lakini nyie watu wa joto, huku mtaimbia wapi? Midomo itaganda."

Nikamjibu kwamba watu wa Katavi hatugandi. Akacheka. Halafu akasema neno ambalo yeye alilitoa kwa mzaha na mimi nikalipokea kwa mikono miwili: "Basi njoo. Ukimaliza chini ya saa mbili na nusu, jina la mjukuu nakuachia wewe."

Kwao na kwetu, mtoto wa kwanza jina hutoka upande wa baba. Bibi mzaa mama hupewa kubeba na kuogesha. Nikamuuliza, "Unasema kweli, mkwe?"

"Mimi nimeshasema."

Sasa niwaambie jambo ambalo sikumwambia yeye. Mama yangu aliitwa Kalunde. Alifariki nikiwa bado sijaolewa. Watoto wangu wote walipewa majina ya kwao baba Sabina, na sikulalamika, ndiyo utaratibu. Kaka yangu Pius kule Mamba ana watoto wa kiume watupu. Kwa hiyo jina la mama halina mtu. Limekaa tu kwenye msalaba wa makaburini, na rangi ya msalaba wenyewe imebanduka. Hilo ndilo nililotaka kulikimbilia.

Mazoezi mliyaona. Mwenyekiti alinipima kwa simu yake, kilomita zile zile, jua la Mpanda likiniwakia utosini, na nikamaliza nikiwa na dakika za kubaki. Mwendo nilikuwa nao. Kitu ambacho sikukijua ni kimoja tu, baridi. Sijawahi kuishi nayo. Nikajipa kazi ya kumuuliza kila nitakayekutana naye njiani: baridi ya Ufipa inauma wapi?

Mpanda mpaka Kibaoni

Ningeweza kupanda basi la moja kwa moja nikafika Sumbawanga siku hiyo hiyo. Lakini huwezi kwenda kwa mkwe mikono mitupu, na mchele wa kupeleka kwa watu wa heshima unatoka Mpimbwe. Kwa hiyo nikazunguka kwa njia ya bondeni, nipitie kwa kaka Pius.

Basi lilipasuka tairi kabla hatujaingia hifadhi ya wanyama ya Katavi, pale Sitalike. Wenye haraka walimzunguka dereva kumwelekeza namna ya kufungua nati ambazo alikuwa anazifungua. Sisi wengine tulienda darajani kuangalia viboko. Mto ulikuwa umepungua, wamejazana kwenye tope mgongo kwa mgongo, wanagombana. Kando yangu alisimama mama mmoja wa Kifipa, mfanyabiashara wa maharage, amejifunga mtandio kichwani na kitenge mabegani na hali jua linachoma. Nikaona huyu ndiye mtaalamu.

"Samahani dada, baridi ya kwenu inauma wapi?"

Akanitazama kwanza. "Masikioni," akasema. "Ukifunika masikio, umemaliza."

Mwanamume aliyekuwa anakula mhindi wa kuchoma akaingilia bila kuombwa. "Uongo. Ni vidole vya miguu. Mimi nilifanya kibarua Sumbawanga, nilikuwa silali kwa ajili ya vidole."

"Ulikuwa huna soksi wewe!"

"Nilikuwa nazo, ila zilikuwa na matundu."

Wakaanza kubishana, na mpaka tairi linafungwa walikuwa bado hawajapatana. Ndani ya hifadhi tuliona twiga na nyati wachache, lakini nusu ya basi ilikuwa inajadili masikio na vidole. Nilinunua kofia ya sufu pale Kibaoni kwa muuzaji ambaye hakuamini kwamba naitaka. Alikuwa amekaa nayo muda mrefu mpaka imepauka upande mmoja.

Mamba, kwa kaka Pius

Mamba nilifika jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Mavuno ya mpunga yalikuwa yamekwisha na kila uwanja una turubai limeanikwa. Kaka Pius alinipokea begi, akalipima mkononi.

"Umebeba nini, dada? Mawe?"

"Masweta."

Kila mtu wa Ilembo alikuwa amenipa sweta lake, mnajijua. Shemeji yangu, mke wa Pius, alipika wali mpya na kuku wa kienyeji, na wali ule ulinukia mpaka nikasahau habari ya mbio. Nilikula kupita kiasi. Baada ya chakula nikamweleza kaka habari ya jina. Nilidhani atacheka. Akaosha mikono kwa muda mrefu.

"Mimi nilijaribu mara tano," akasema, "Mungu akanipa madume matano. Siwezi kumwita dume Kalunde."

"Ndiyo maana naenda, huenda mjukuu akawa wa kike."

"Na ukishindwa?"

"Nimekimbia kule chini ya saa hizo, kaka."

"Kule kuna joto. Umezoea." Kisha akainuka, akaingia ghalani akatoka na mfuko wa mchele safi uliopepetwa, akaufunga mwenyewe kwa kamba. "Mpe mkwe wako. Umwambie umetoka shambani kwa Kalunde. Usimwambie zaidi."

Shamba lile kweli lilikuwa la mama. Asubuhi nilipita kuliona, mabua matupu yamekatwa, kunguru wanaokota punje. Nilisimama pale kidogo na nikamkumbuka sana.

Kasansa, nilipofukuzwa

Hapa ndipo Mwenyekiti alipopata fisi wake. Naomba msikie ukweli.

Kutoka Mamba nilipanda pikipiki mpaka Kasansa, nikitegemea fuso la mpunga linalopandisha Sumbawanga. Dereva wake, Shabani, kijana mpole mwenye kofia ya kitambaa, akaniambia gari halijajaa. "Tutaondoka kesho, Mungu akipenda." Tulilala hapo, mimi nikahifadhiwa kwa mama mmoja anayeuza chai. Kulipokucha nikaona nisikae bure, ninyooshe miguu. Nikavaa traki yangu na kofia ya sufu, nikatoka mbio kwenye barabara ya vumbi katikati ya majaruba yaliyovunwa.

Mchungaji mmoja wa Kisukuma alikuwa anaswaga ng'ombe. Akaniona, akasimama. "Mayu! Mayu, kuna nini?" Mayu kwao ni mama.

Nikampungia mkono, kama tunavyowapungia watu hapa mjini. Kumbe kwake mkono ule ulimaanisha naomba msaada. Akapiga yowe. Nikasikia yowe lingine likijibu upande wa pili, na milango inafunguliwa. Nikageuza shingo: wanaume watano, wengine na fimbo, mmoja na baiskeli, wanakuja nyuma yangu mbio. Nikaogopa, nikaongeza mwendo. Walipoona nimeongeza na wao wakaongeza. Nilikimbia vile ambavyo sijawahi kukimbia, wimbo hakuna, dua tu. Mwenye baiskeli ndiye aliyenipita akaniziba njia.

"Yuko wapi?" anahema.

"Nani?"

"Anayekufukuza!"

"Si nyie mnaonifukuza!"

Wakatazamana. Wengine wakafika, wameshika magoti. Mwanamke mtu mzima kukimbia asubuhi kwao ni msiba, au mwizi, au nyumba inaungua. Ilibidi nieleze kwamba nakimbia tu, hakuna kitu, ni mazoezi.

"Mazoezi ya nini, mayu?"

"Ya baridi ya Sumbawanga."

Hapo walicheka mpaka wakakaa chini, na mimi nikacheka nao. Yule mchungaji wa kwanza alinipeleka kwake, mkewe akanipa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Nikamuuliza swali langu. Alikuwa amewahi kupandisha ng'ombe huko juu kuuza.

"Inauma pumzi," akasema, akijigusa kifuani. "Hewa ya huko ni nyembamba. Ng'ombe wangu walikuwa wanasimama, wanashangaa. Hawakujua wamepungukiwa nini." Akafikiri. "Ila mayu, umetukimbiza vizuri. Wewe utashinda."

Nilimwambia sihitaji kushinda, nahitaji saa mbili na nusu. Akasema hata hizo nitazipata.

Kupanda mlima

Fuso likajaa, tukaondoka. Nilikaa mbele na Shabani, mchele wa mkwe miguuni. Bondeni joto lilikuwa lile lile, jasho linatiririka mgongoni. Tulipofika Muze, barabara ikaanza kuukwea ukingo wa bonde, na gari likawa linaunguruma kwa gia ya chini, kona baada ya kona.

Mimi nilikuwa na shauku kama mtoto. Kila kona nilitoa mkono nje ya dirisha kupima. Kona za mwanzo hewa ni ya kawaida. Zilizofuata imepoa. Halafu ikaja kona moja yenye kivuli cha miti, nikatoa mkono, nikaurudisha haraka.

"Imefika!" nikapiga kelele.

Shabani akacheka, akasimamisha gari. Alikuwa anajua sehemu yenyewe. Akatoa koti kubwa nyuma ya kiti, akavaa, akafunga vifungo vyote mpaka kidevuni. "Hapa ndio mpaka," akasema. "Chini ya hapa shati, juu yake koti."

"Na wewe inakuuma wapi?"

"Mimi inaniuma roho. Nikiwa huku nawaza nyumbani tu, Karema." Alikuwa mtu wa ziwani, na aliniambia kwamba kwao hata maji ya asubuhi yana uvuguvugu. Nikayahesabu majibu yangu: masikio, vidole, pumzi, roho. Nikawa na hamu ya kujua mimi itanishika wapi.

Kwa Mzee Kasiano walinipokea kwa heshima kubwa, mpaka nikaona haya. Mchele ulipokewa kwa kupigiwa makofi, nikasema umetoka shambani kwa Kalunde, na hakuna aliyeuliza Kalunde ni nani. Sabina alikuwa mzito, anatembea ameshika kiuno. Walinipa blanketi tatu, na usiku nikavaa masweta ya Ilembo yote, moja juu ya jingine, mpaka nikashindwa kugeuka kitandani.

Mbio

Asubuhi ya mbio ukungu ulikuwa umelala juu ya uwanja wa mpira. Watu wanatoa moshi mdomoni. Nilipuliza wangu, nikautazama, nikapuliza tena. Nadhani nilifanya hivyo muda mrefu, maana mama mmoja aliniuliza kama nimepoteza kitu.

Sabina alikuwa amenivisha soksi mikononi. Mimi nilikuwa na masweta mawili, traki, kofia yangu iliyopauka na mafuta ya mgando usoni. Wengine wote wamevaa fulana. "Mama, unakimbia au unahama?" akauliza kijana mmoja, na nikaona nimjibu kwa miguu.

Filimbi ikalia, tukatoka. Na hapo nikafungua mdomo niimbe, nipate mwendo. "Ilembo mme..." Haikutoka. Midomo imekauka, taya limekaza, na ile hewa nyembamba ya mchungaji imeingia kifuani kama maji ya barafu uliyoyameza kwa pupa. Mimi niliyekuwa nauliza watu inauma wapi, nikapata jibu langu: mimi ilinishika sauti.

Bila wimbo mimi sina mwendo, mnajua. Nikajikuta nafuata vijana waliotoka mbele kwa kasi. Kabla ya kufika mbali masweta yameloa jasho, na upepo wa nyanda ile isiyo na miti ukapita ndani yake, nikawa naungua na kutetemeka kwa pamoja. Nikavua moja, nikalitupa kwenye ua la mtu. Mwenye nalo anisamehe. Vijana walinitoroka. Watu wakaanza kunipita, na nilianza kuhofia kwamba jina la mama linakwenda nao.

Nikapunguza. Nikaanza kuguna tu, mdomo umefungwa, ule wimbo wetu, ili mguu ukumbuke. Taratibu taya likalegea. Tulipogeukia nusu ya njia sauti ikatoka, mbovu lakini ipo: "Ilembo mmeamka?"

Nyuma yangu mtu akajibu, "Tumeamka!"

Niligeuka. Alikuwa mwanamume wa makamo, mwalimu, nilikuja kujua baadaye, ana saa mkononi. Hajui Ilembo ni nini. Nikauliza tena, wakajibu wawili. Nikauliza miguu iko wapi, nikawafundisha jibu, na kwenye moyo uko wapi walikuwa wameshakuwa kama kumi, mistari miwili, tunakwenda. Miongoni mwao alikuwepo dada mmoja mwenye kofia nyekundu, sauti yake nyembamba kabisa, na alikuwa anajibu kwa kuchelewa kidogo, wenzake wakishamaliza. Alinichekesha. Nikawa namsubiri yeye ndipo niulize tena.

Mwalimu akasogea kando yangu. "Mama, saa yako ya lengo ni ngapi?"

"Mbili na nusu."

Akatazama mkono wake. "Tukiendelea hivi unaingia na dakika za kubaki."

Nyie, nilifurahi. Baridi ikawa kitu cha kawaida, vidole vipo, masikio yapo. Nilianza kumwona mtoto, na mimi nimembeba, namwita. Tukapanda kilima cha mwisho chenye mikaratusi, kutoka pale unasikia spika za uwanjani.

"Na moyo uko wapi?"

"Uko mbele!"

Nikasubiri ile sauti nyembamba. Haikuja.

Mkono wangu ukainuka. Naapa sikufikiri. Mkono uliinuka wenyewe kama unavyoinuka hapa kila wiki, na miguu ikageuka. Na mstari wote nyuma yangu, watu wasionijua, ukageuka na mimi. Tukateremka kilima kurudi tulikotoka, tunaimba.

Wasimamizi wa barabarani walichanganyikiwa. "Nyie! Nyie mnaenda wapi? Mwisho uko huku!" Mmoja alitukimbilia na kibendera chake. "Mama! Unawapeleka wapi watu?"

Dada wa kofia nyekundu alikuwa amekaa kwenye jiwe kando ya barabara, viatu amefungua, analia. Tukamzunguka. Akatutazama kama tumeanguka kutoka juu. Mwalimu akamfunga kamba za viatu, mwingine akamshika mkono, tukamweka katikati. "Miguu iko wapi?" nikamuuliza yeye peke yake.

"Iko chini," akasema kwa kwikwi.

Tukapanda tena. Ilikuwa katikati ya kilima, kwa mara ya pili, ndipo nilipokumbuka jina la mama.

Sitawadanganya. Nilikasirika. Nilimkasirikia dada wa watu, nilikikasirikia kilima, nilijikasirikia mimi. Nikataka kuwaacha wote nikimbie peke yangu, na miguu ikakataa, haijui. Tulifika uwanjani mstari mmoja, watu wanapiga makofi na kucheka, na saa kubwa iliyowekwa pale mwisho ilionyesha tumepitiliza dakika tatu.

Nyumbani kwa mkwe

Mzee Kasiano alikuwa pale pale penye kamba ya mwisho, na blanketi. Alinifunika kwanza. Kisha akanionyesha saa kwa kidevu.

"Dakika tatu, mkwe."

"Nimeziona."

"Basi."

Mimi sikuomba. Neno alilitoa mwenyewe, na kwa neno hilo nilikuwa nimeshindwa. Dada wa kofia nyekundu alinikumbatia, hakujua alichonigharimu, na sikumwambia.

Mchana tulikula ugali wa ulezi na maharage yaliyoungwa vizuri, na samaki waliotoka ziwa Rukwa. Habari za yule mama wa Mpanda aliyegeuza watu zilikuwa zimeshafika kabla yetu. Mzee alimega tonge, akauliza, "Ulirudi kufanya nini?"

"Kuna mwenzetu alibaki."

"Unamfahamu?"

"Hapana."

"Ulikuwa unajua saa inakwenda?"

"Ndivyo tunavyokimbia sisi, mkwe. Mtu akibaki tunageuka."

"Hata kwenye mashindano?"

Hilo hatujawahi kulifikiria. "Hatujawahi kushindana," nikamjibu.

Akamega tonge lingine. Nilikwenda jikoni kwa Sabina nikalia. Akanishika bega, tumbo lake kati yetu.

"Mama, ulitaka umpe jina la bibi Kalunde?"

"Nilitaka."

"Si ungemwambia tu baba mkwe, huenda angekubali."

"Ningemwambia ingekuwa kuomba. Nilitaka nilipate."

Kurudi

Nilirudi kwa basi la moja kwa moja, kofia mfukoni, na kadiri tulivyokaribia Mpanda nikazidi kuvua masweta. Mlinipokea kwa nyimbo pale stendi, na mnakumbuka Mwenyekiti alivyoshika kichwa. "Mama Sabina, karibu na mwisho vile! Si ungemwacha?"

"Wewe ungemwacha?"

Akajikuna. "Mimi ningegeuka," akakiri, na wote mkacheka. Nilicheka pia, lakini nilipofika nyumbani sikuwa na raha. Nilimpigia Pius, nikamwambia nimeshindwa. Akasema tutapaka ule msalaba rangi.

Wiki iliyopita, nikiwa naanika nguo, simu ikaita. Mzee Kasiano. Tukasalimiana kirefu, habari za huko, habari za baridi, habari za mpunga. Mwisho akasema, "Mjukuu amekuja. Wa kike. Yeye na mama yake wazima."

Nikakaa chini palepale kwenye matofali. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

"Na jina nimelitoa," akasema. "Dakika zile tatu ni zangu, si ndiyo?"

"Ni zako, mkwe."

"Nimempa Devota."

Hilo ni jina langu la ubatizo, ambalo hapa Ilembo hamlitumii. Kwanza sikuelewa. Akaendelea, polepole, kama mtu aliyelifikiria tangu siku ile ya ugali. "Nilikuona unafika na watu wote wale. Nikasema mtoto wetu awe mtu wa namna hiyo, wa kugeuka."

Ilikuwa heshima kubwa. Najua wengi wenu mngeshukuru mkapiga vigelegele, na mimi kigelegele kilikuwa kimeshafika kooni. Lakini nilimwona mama.

"Mkwe, nakushukuru sana," nikasema. "Ila jina langu bado nalitumia. Yuko mmoja aliyebaki nyuma."

"Nani?"

"Mama yangu. Hakuna mtoto hata mmoja anayeitwa kwa jina lake."

Niliisikia pumzi yake, na nyuma yake vyombo vinagongana.

"Aliitwa nani?"

"Kalunde."

"Kalunde," akarudia. "Wa lile shamba la mchele?"

"Huyo huyo."

Hakunijibu mimi. Nilisikia kiti kinasogezwa, hatua zake, mlango, sauti za wanawake zikipungua. Nikasikia kichanga kinalia. Kisha Mzee Kasiano, kwa sauti yake ya kanisani, akaita kwa nguvu kana kwamba anamwita mtu aliye mbali barabarani: "Kalunde!"

Mtoto aliendelea kulia tu, angejibu nini. Nikamwitikia mimi huku Ilembo, na nguo mbichi mapajani: "Abee!"